Ramani ya Kwa Kina Jelagat

Harufu ya vumbi lililonyunyiziwa maji ndiyo iliyokuwa harufu ya Januari kwetu. Siku ya kufungua shule kila mwanafunzi alikuja na maji kwenye chupa ya plastiki, tukanyunyizia sakafu ya darasa, ambayo simiti yake ilikuwa imebanduka ikaacha mashimo, kisha tukafagia kwa matawi. Vumbi lile likilowa lilinukia kama mvua, ingawa mvua yenyewe Eldoret mwezi huo haipo kabisa. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kuuma masikio, saa sita jua la kuchoma utosi, na upepo kutoka mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa ulipeperusha makapi hadi ndani ya madaftari yetu. Vitabu tulikuwa tumevifunika kwa karatasi ya kaki, bado mikunjo yake imara, na kila mmoja wetu alikuwa ameandika jina lake kwa mwandiko mzuri ambao ungedumu labda wiki mbili. Nilikuwa nimeingia darasa la sita. Nilikuwa na sketi mpya iliyonivuka magoti kwa mbali, kwa sababu mama aliinunua akiwa na mawazo ya miaka mitatu mbele.

Mwalimu wa masomo ya jamii alikuwa mgeni. Aliitwa Kiptoo, mtu mrefu aliyevaa sweta la kijivu hata jua likiwa kali, na sauti yake ilikuwa ya chini hivi kwamba darasa zima lililazimika kunyamaza ili limsikie. Tulizoea mwalimu aingie, aandike ubaoni, sisi tunakili mpaka kengele ilie. Huyu aliingia mikono mitupu, akaegemea mlango na kutuuliza, "Mgeni akifika hapo kwa geti sasa hivi, na anataka kwenda kwenu, utamwelekeza aje?" Tulicheka. Kila mtu akaanza kurusha mikono hewani: unapita pale, unakata kona, unaona duka la rangi ya kijani. Alitusikiliza wote, kisha akasema mgeni wetu ameshapotea mara tano. Akatupa kazi ya kwanza ya mwaka: kila mtu achore ramani kutoka shuleni hadi nyumbani kwao, na mwisho wa njia achore nyumba yenyewe na kila kilicho uani. Tuilete Jumatano.

Wengine waliondoka wakiruka ruka. Mimi nilikwenda nyumbani polepole, nyuma ya wote. Tulikaa katika ploti ya vyumba kumi vya mbao, vitano vikitazamana na vitano, na katikati ujia mwembamba wa kupitisha maji machafu. Mbao zenyewe zilikuwa zile za pembeni, zenye magome ya mti, ambazo viwanda vya mbao huziuza kama kuni. Baba alifanya kazi katika kimoja cha viwanda hivyo, akilisha misumeno magogo kutwa nzima. Yeye na mama walitoka Bungoma kabla sijazaliwa, na chumba kile kimoja, kilichogawanywa kwa pazia la maua, ndicho nilichokijua tangu nikiwa mtoto mchanga. Sikuwahi kukiona kuwa kidogo mpaka darasa la tano, msichana mmoja aliponifuata hadi karibu na lango, akawaambia wenzake kesho yake kwamba kina Nafula wanaishi ndani ya kuni. Nafula ndiye mimi. Tangu siku hiyo nilikuwa nikifika kwenye kona ya kinu cha mahindi nasimama, najifanya nafunga kamba ya kiatu, mpaka wenzangu wapite.

Mwaka huo niliketishwa dawati moja na Jelagat. Alikuwa ametoka Moiben, ambako wazazi wake walilima mahindi na kufuga ng'ombe, akaletwa mjini kukaa na shangazi yake ili awe karibu na shule. Hakupenda mjini. Wakati wa mapumziko, badala ya kucheza, alinisimulia kwao: nyumba ya mabati yenye ukingo wa bluu, ghala la mahindi lililoinuliwa juu ya nguzo ili panya wasipande, mstari wa miti ya blugamu, kijito nyuma ya shamba, zizi, na ng'ombe saba aliowajua kwa majina na kwa tabia. Alizungumza polepole, kama mtu anayepita mle ndani akigusa kila kitu. Mimi nilimsikiliza kwa tamaa. Na Jumanne jioni, nilipolala kifudifudi kitandani na kufungua daftari, njia kutoka shuleni niliichora ilivyo, lakini mwisho wake mkono wangu ulichora hayo yote. Nilipaka miti kijani, nikapaka kijito bluu, nikawapanga ng'ombe saba kwenye malisho. Juu nikaandika kwa herufi kubwa: KWETU.

Jumatano Jelagat aliiona kabla sijaipeleka mbele. Yeye alikuwa amechora vyumba viwili vya shangazi yake, kama tulivyoagizwa. Aliitazama ramani yangu kwa muda mrefu. Nilingoja apige kelele, au amwite mwalimu. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Zizi liko upande ule mwingine."

Mwalimu Kiptoo aliipenda sana. Aliinua karatasi yangu juu darasa zima liione, akasifu alama zilizopangwa vizuri pembeni na mshale wa kaskazini, kisha akaibandika ukutani karibu na ubao. Nilikuwa bado naisikia sifa hiyo masikioni alipoongeza kwamba ramani hupimwa kwa miguu. Ijumaa saa nane, safu yetu ya kwanza, wanafunzi kumi na wawili, ingetoka naye kufuata ramani ya Nafula mpaka kwa kina Nafula. Akaandika barua fupi, akaikunja na kunipa nimpelekee mama.

Barua ile niliikalia siku nzima. Alhamisi jioni mama aliiona ikichungulia kwenye mfuko wa sketi, akaisoma mara mbili akiwa amesimama mlangoni ili apate mwanga. Nilitarajia alalamike kwamba chumba ni kidogo. Badala yake uso wake ulifunguka. Hakuna mwalimu aliyewahi kufika kwetu. Alianza palepale kusugua sufuria, akatuma salamu kwa Mama Chebet, jirani yetu aliyeuza maziwa, amwazime vikombe, akamwomba Mzee Barasa, fundi viatu wa chumba cha mwisho, afyeke nyasi za langoni. Ploti nzima ilipata habari. Kisha, huku mikono yake ikiwa ndani ya povu, aliniuliza, "Na mimi umenichora?"

"Ndiyo, Mama."

"Nikifanya nini?"

Nilisema anapika. Alitabasamu, akaendelea kusugua.

Ijumaa asubuhi nilisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu hadi Mwalimu Kiptoo akaniona. Nilimwambia yote kwa pumzi moja nikitazama viatu vyake. Nilingoja kofi, au angalau magoti kwenye changarawe.

"Ile ni kwa nani?" aliuliza.

"Kwa kina Jelagat, Mwalimu. Huko Moiben."

"Na kwenu kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mwalimu."

Alivuta karatasi nyeupe kutoka kwenye rundo la mitihani ya zamani, akanipa. "Sawa. Chora hiyo hakuna kitu. Saa nane tunaondoka."

Nilichora wakati wa mapumziko, na wakati wa chakula cha mchana pia, uji wangu ukipoa pembeni. Mwanzoni nilichora mstatili wenye milango kumi, nikaona nimemaliza. Lakini mlango wa pili ulikuwa wa Mama Chebet, na haungeweza kuwa wa Mama Chebet bila vibuyu vyake vya mursik, yale maziwa ya kugandishwa, vilivyotundikwa juani. Wa mwisho ulihitaji kigoda cha Mzee Barasa na lundo la soli kuukuu. Nikaongeza mfereji wa maji safi na foleni ya mitungi, kamba za nguo, mikebe ya rangi ambamo mama alipanda dania na maua mekundu, pengo kwenye ua ambalo watoto wote walipita na watu wazima wote walijifanya hawalijui. Mlangoni kwetu nilimchora mama na jiko lake. Karatasi iliisha kabla sijafika chooni. Jelagat alikuwa ameketi kando yangu muda wote, akinichongea penseli kwa wembe bila kuombwa.

"Nilichukua kwenu," nilimwambia. "Nisamehe."

Alitikisa kichwa. "Kila nikiingia darasani nilikuwa naangalia ukutani kwanza," alisema. "Nilidhani ukisema ukweli wataitoa."

Mpaka hapo nilikuwa nimedhani kimya chake ni huruma kwangu. Tulimwomba mwalimu pamoja aiache ukutani. Mwalimu hakuitoa. Jelagat alisahihisha zizi, akafuta jina langu na kuandika lake, nayo ilikaa pale hadi muhula ulipoisha.

Saa nane tuliondoka. Mwalimu alimpa ramani mpya mwanafunzi mwingine, na mimi nikaamriwa kukaa nyuma na kufunga mdomo. Walipotea mara moja, kwenye kinu cha mahindi, kwa sababu nilisahau kuonyesha kwamba njia inagawanyika. Walipoingia langoni nilitamani ardhi inimeze. Lakini majirani walikuwa wametoa viti vyote vilivyokuwa ndani ya vyumba kumi, na mama alikuwa amevaa rinda lake la kanisani. Kulikuwa na viazi vitamu vilivyochemshwa na chai ya maziwa mengi, katika vikombe ambavyo hakuna viwili vilivyofanana. Wenzangu walizunguka wakiangalia karatasi na kuangalia milango, wakipiga kelele kila walipopata kitu: kigoda kile, vibuyu vile! Hakuna aliyetaja kuni. Yule msichana aliyenifuata mwaka uliopita alikula viazi vitatu, akauliza kama anaweza kupita kwenye lile pengo.

"Karibu, Mwalimu," mama alisema. "Hapa ndipo kwetu, ni padogo."

"Ahsante, Mama Nafula. Mimi nimeona pana watu wengi."

Mama aliomba ramani, akajitafuta kwa kidole mpaka akajipata. "Mbona umeninenepesha?" aliuliza, na ploti nzima ikaangua kicheko. Nami nilicheka, na katika kucheka nikagundua kwamba machozi yalikuwa yakinitoka. Baba alifika kabla hatujamaliza chai, unga wa mbao ukiwa bado kwenye nyusi, akamsalimia mwalimu kwa mikono miwili.

Siku hizi ploti ile haipo. Pamejengwa jumba la ghorofa tano lenye matangi meusi ya maji juu. Mimi bado naishi Eldoret, upande wa kuelekea Kesses, katika nyumba yenye sebule na vyumba viwili vya kulala, na Januari hii binti yangu ameingia gredi ya saba. Juzi alipewa kazi karibu sawa na ile yangu. Alichukua simu, akaandika jina la mtaa, na mapaa yetu yakatokea yote kama yanavyoonekana na ndege angani. Alimaliza kazi yake chai yangu ikiwa bado ya moto. Nilimuuliza jirani wa mlango wa kushoto anaitwa nani. Alidhani namtania. Nilipotaka kumwambia jina, nikaona hata mimi silijui.

Baba alipostaafu, yeye na mama walirudi Bungoma. Walijenga nyumba ya matofali, na nyuma yake kuna migomba na ng'ombe wawili. Krismasi iliyopita, tukiwa tunachambua maharagwe barazani, nilimweleza mama habari za ile ramani ya kwanza, baada ya miaka yote hiyo. Nilidhani atacheka, au atanigombeza kidogo. Aliendelea kuchambua.

"Hata mimi ningechora hiyo," alisema. "Kila siku nilikuwa naiota nyumba kama hiyo." Akainua macho, akautazama uwanja wake uliofagiliwa vizuri, mpana hadi kwenye ua wa michongoma. "Sasa ninayo. Huku nafasi ni kubwa, Nafula. Lakini ukipika, hakuna mtu anayejua umepika."