Jicho la Samaki wa Zilpah

Zilpah Nyarangi alikuwa mfuaji nguo katika kambi ya watafiti wa mbung'o pale Lambwe, miaka ile ya kwanza ya uhuru. Hakuwa na mtumbwi wala nyavu. Samaki alimjua kwenye sahani. Mimi nilikuwa nauza ngege, samaki wa ziwani, kutoka ufuo wa Kisegi tangu sina hata baiskeli. Kwa hiyo niliposikia amepeleka samaki misheni ya Asumbi, nilicheka, lakini kicheko hakikufika tumboni.

Asumbi ilikuwa yangu. Ijumaa Wakatoliki hawali nyama, na bweni zima la wasichana linataka samaki. Ila kutoka Kisegi ni safari ya kutwa, jua linachoma lori. Barafu niliyochukua kwa Noordin, muuza barafu wa Homa Bay, ilifika Kisegi nusu, na wakati wa kurudi ilikuwa maji, samaki wanaoga tu.

Zilpah alipata barafu nyingine. Kambini waliletewa barafu kavu kutoka Nairobi, ya kusafirishia vichupa vya damu ya ng'ombe walioumwa na mbung'o. Hiyo haiyeyuki. Inatoka jiwe inakuwa moshi, haiachi hata tone, na ukiishika kwa mkono mtupu inakuunguza kama kaa. Mabaki walikuwa wakiyatupa nyuma ya jiko. Zilpah akamwambia mkubwa wa kambi, "Bwana, badala ya kutupa, nipe mimi."

Mimi nilipita hapo na lori kila wiki. Moshi ule niliuona, nikadhani wanachoma takataka. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Aliifunga barafu kwa magazeti, akaiweka kwenye sanduku la mbao lililojazwa nyasi kavu, na kifuniko akakiacha kipumue. Alhamisi moja jioni tukakutana jikoni Asumbi, mimi na kikapu changu, yeye na sanduku lake. Ngege wake walikuwa wagumu kama kuni, na macho yao meupe kama maziwa. Kila mtu wa ziwani anajua samaki wa jicho jeupe ni wa lini. Sikuhitaji kusema uongo.

"Mzee Cephas," nikamwambia mpishi mkuu, "mimi sisemi kitu. Angalia jicho tu."

Cephas akainama, akakunja uso. "Zilpah, hawa walikufa kabla ya uhuru?"

Wapishi wakaangua kicheko. Nikaongeza, "Na wamelala kitanda kimoja na damu ya malale."

"Shemeji Javan," Zilpah akanijibu, "damu iko kwa vichupa, na vichupa vina sanduku lao. Hii barafu haijawahi kukaa nayo."

"Na jicho?"

"Limeganda, kama mafuta ya kupikia asubuhi ya baridi. Mzee, niletee karai la maji."

Akatumbukiza samaki mmoja. Tukapewa chai, tukangoja. Mimi nilikuwa naomba moyoni karai zima linuke. Chai ilipokwisha, samaki alikuwa amelegea. Cephas akafungua mashavu yake: matamvua mekundu, kama ametolewa ziwani saa ile. Akachukua wangu, akafungua: kahawia. Akanusa, akageuza kichwa.

"Lakini jicho la wangu ni safi," nikasema.

"Safi kabisa. Ila mimi sipiki macho, Javan. Ijumaa ni ya Zilpah."

Hapo wengine wangeenda kulewa. Mimi nilimfuata nje, maana nilikuwa nimeona kasoro yake: baridi anayo, samaki hana.

"Kisegi unanunua kwa nani?"

"Kwa anayeuza."

"Unanunua wale ninaowaacha mimi. Wavuvi wananichagulia kwanza. Nipe nafasi kwenye sanduku, nami nikuletee wazuri."

Akanitazama kama mtu anayepima kitambaa. "Nafasi iko. Chini."

"Yaani mbali na barafu?"

"Baridi inashuka, shemeji. Hutaoza. Lakini wangu watakaa juu, na jina litakuwa langu."

Nikakubali palepale. Kukataa kungenishibisha nini? Samaki hawakuoza tena, na nyumba yangu ya bati nilijenga. Yake ilitangulia. Na kila Alhamisi, mpaka watafiti walipofunga kambi, wapishi walilisikia lori wakaita, "Samaki wa Zilpah wamefika!"

Aliyebeba sanduku begani nilikuwa mimi.