Mjafari Usiopenda Maneno

Enzi za Mwingereza, pale kijijini Mungaa, Marietha alikuwa na mdomo ambao hata kunguru waliuogopa. Ndiyo maana watu walicheka waliposikia bibi yake amemwachia mjafari, mti wa miiba ambao dawa yake huchukuliwa kwa ukimya. Sharti ni hili: ukishatoka nyumbani usiseme na mtu mpaka utafune gome lake na ulimi ufe ganzi. Ukisema kabla, umebeba kuni tu.

Mwaka huo mumewe, Mughwai, alishikwa na homa, hata uji wa uwele akawa anaugeuzia mgongo. Usiku Marietha akamwota marehemu bibi yake akitembea juu ya masuke ya mtama, wala hayainami, kidole mdomoni.

Alfajiri akachukua shoka, akatoka. Ukungu ulikuwa umelala bondeni kama maziwa yaliyomwagika, na mawe makubwa ya huko yalionekana kama ng'ombe wanaocheua. Marietha hakujua kama ameamka au bado anaota. Nyayo zake mwenyewe hakuzisikia.

Mara ukungu ukamtoa mama mkwe wake, Theresia, mtungi kichwani. Akasimama, akingoja salamu. Huku uhai wa mume, huku adabu. Mdomo ukaamua wenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na shoka asubuhi hii, umegombana na nani?"

Marietha akaangua kilio. "Nimeiua dawa ya Mughwai, mama! Nilitakiwa ninyamaze."

"Wewe? Unyamaze?" Theresia alishusha mtungi ili acheke vizuri. Kisha akaacha kucheka. Mgonjwa ni mwanawe. "Haya, twende. Ikiwa imekufa, tutapikia."

Marietha akabandua gome kidogo upande wa macheo, kidogo upande wa machweo, mti usije ukafa. Akatafuna, akampa na mkwewe. Uchungu ukapanda taratibu, midomo ikawa kama ya mtu mwingine, ulimi ukalala. Wakasimama wawili kwenye ukungu, mate yakiwachuruzika, kimya kama mawe. Mti haukuuliza nani alimsalimia nani.

Waliichemsha dawa, Mughwai akanywa, akatoka jasho. Jioni aliomba uji, akalalamika kuwa ni mwepesi. Marietha alifungua mdomo, mama mkwe akamwahi:

"Kunywa, mwanangu, mkeo asije akaanza!"

Tangu hapo, kila aliyefundishwa na Marietha masharti ya mjafari aliongezewa moja: ukikutana na mama mkwe, msalimie. Mti una subira kumshinda.