Shujaa Aliyemaliza Muda kwa Salamu

Muhula ule binti yangu wa kidato cha pili alitaka jambo moja tu: kuiwakilisha shule kwenye mashindano ya midahalo. Angekwenda atakayeshinda mdahalo wa darasani. Mada ilikuwa nani bora, shujaa wa hadithi za kale au shujaa wa filamu za njozi za siku hizi. Binti anayajua majoka ya filamu kuliko hesabu. Wanafunzi wakaokota vikaratasi vya kura, akaangukia upande wa kale.

"Nimekwisha," aliniambia, begi bado liko mgongoni.

"Bibi yako yuko uani."

Mama yangu alikuwa anageuza dagaa juani. Alikubali kusimulia, ila kwa sharti: "Kwanza nionyeshe huyo wa kwako." Jumamosi wakatazama filamu kwenye simu yangu, mama akichomekea hadithi yake, nami pembeni nikiandika daftarini, kama kawaida yangu.

Nilishangaa jinsi mashujaa wale wawili walivyofanana. Wote yatima. Wote wanaikataa safari mara ya kwanza. Wote wana rafiki mlafi anayewaokoa mwishoni. Kisha shujaa wa simu akapiga teke mlango wa ajuza, akauliza joka liko wapi.

"Simamisha hapo," mama akasema. "Hajasalimia."

"Bibi, ana haraka! Dunia inateketea!"

"Hata kama. Wetu alipomfuata mnyama aliyemeza ziwa, alimsalimia kila aliyemkuta, mpaka kaa wa ufukweni. Na kaa ndiye aliyemwonyesha mnyama anakolala. Huyu wako ataonyeshwa na nani?"

Binti akaomba kalamu.

Asubuhi ya mdahalo wazazi tulialikwa. Kila msemaji alipewa dakika tatu. Mpinzani wake, msichana mrefu wa mtaa wa Katubuka, aliusifu ujasiri wa shujaa wa kisasa bila kukwama hata mara moja. Binti akasimama, akainama, akapiga makofi ya taratibu kama tunavyosalimiana sisi Waha. "Mwakeye."

Alikusudia uwe mfano mfupi. Lakini mama, mstari wa mbele, hajawahi kuiacha salamu bila kuitikia. Akapiga makofi, akauliza habari za nyumbani, nyumba tuliyotoka naye asubuhi ile. Mabibi wawili waliokaa jirani naye wakajiunga kupiga makofi.

"Mihogo je?" mama akaendelea.

"Mizuri, bibi."

"Na ng'ombe?"

"Hatuna ng'ombe, bibi. Tuna kuku."

"Kuku nao hawajambo?"

Mkubwa akikusalimu humkatizi. Nilitazama saa. Kengele ililia wakiwa kwenye kuku.

Mwalimu akamruhusu sentensi moja. "Shujaa wa kale," binti akasema, "angekuwa bado hajaondoka kwao, lakini sote hapa tungekuwa tunamjua."

Ukumbi ulicheka sana. Alama zikampa ushindi msichana wa Katubuka.

Nje, binti alinuna. "Bibi, umenimalizia muda!"

"Ulitaka nikae kimya, umenisalimia?"

Msichana wa Katubuka akaja, akapiga goti mbele ya mama, akapiga makofi. Mama akaanza upya: nyumbani, mihogo, ng'ombe. Kwao kumbe wapo ng'ombe, basi ikachukua muda. Binti alijaribu kuendelea kununa, akashindwa.

Mwalimu akatukuta hapo hapo. "Kwenye mashindano kila shule inatoa pia mtu wa kuwasalimu wageni," akamwambia binti. "Utakwenda wewe. Una dakika tatu."

Binti akaruka juu. Mama akamtazama mwalimu kwa huruma.

"Mwalimu," akasema, "wageni watakuwa wangapi?"