Boksi la Sabuni Mlangoni Petu

Msimu wa kahawa kule Maguu ulikuwa na harufu yake. Maganda mekundu tuliyomenya kwa mashine ya mkono yalirundikwa nyuma ya nyumba, yakachacha juani, yakatoa harufu iliyo kati ya togwa na majani yaliyooza. Harufu hiyo ilikaa kwenye nywele, kwenye blanketi, hata kwenye ugali. Sisi watoto hatukuisikia tena. Niliitambua mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi, kwa sababu harufu nyingine, ngeni na tamu, iliingia nyumbani kwetu bila kubisha hodi.

Ndio kwanza soko huria lilikuwa limeanza. Zamani kahawa yote ilikwenda kwenye ghala la ushirika, lakini sasa wanunuzi binafsi walipanda milima yetu na magari yao, kila mmoja na mzani wake na maneno yake. Baba hakuwepo, alikuwa ameteremka Mbamba Bay na magunia ya mahindi ili arudi na usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Nyumbani tulibaki Mama, mimi na mdogo wangu Beno. Jumapili moja tuliporudi kutoka misa tulikuta boksi mlangoni, limefungwa kwa kamba ya katani. Halikuwa na barua wala jina. Kila nyumba ya upande wetu ilikuwa imeachiwa la kwake. Jirani yetu Mama Tekla alilifungua la kwake palepale uani, na tukaona sabuni za kunukia zimepangwa, kila moja ndani ya karatasi yenye picha ya waridi. Alicheka kwa furaha akasema Mungu akitaka kukupa hakuandikii barua.

Mama hakucheka. Miaka ya uhaba alituogesha kwa majani ya mpapai, kwa hiyo si kwamba hakujua thamani ya sabuni. Aliliangalia lile boksi kama mtu anavyomwangalia mgeni aliyekaa kabla ya kukaribishwa. Kisha akanituma kwa Mzee Ndunguru, balozi wetu wa nyumba kumi. Alipofika, Mama alimwamkia, akamwonyesha kamba.

"Baba, naomba uwe shahidi. Sikuagiza kitu hiki, na sitakifungua. Mwenyewe akija, atakikuta kama alivyokiacha."

Mzee Ndunguru alikubali. Mama akalisukuma boksi chini ya kitanda chake, mbali na mvua, akatuambia mimi na Beno, "Asiyesema ameleta nini, siku moja atasema anataka nini."

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama. Nilikuwa katika mafundisho ya komunyo ya kwanza. Gauni langu jeupe lilikuwa tayari limeshonwa, na Tekla, mwenzangu wa darasani, alikuwa akija kwenye mafundisho akinukia hadi wengine wakageuza shingo. Mimi nilinuka maganda ya kahawa. Alasiri moja Mama alipokuwa shambani akichimba ngoro, yale mashimo yetu ya kuzuia maji mlimani, nilipasua kona ya boksi iliyotazama ukutani nikachomoa sabuni moja. Nikakimbia nayo kijitoni, nikajisugua mpaka ngozi ikawasha, kisha nikaificha kwenye mgomba. Siku ya kitubio nilimweleza padri kwamba nimempiga Beno na kwamba nimesinzia kwenye rozari. Habari ya sabuni niliimeza. Nyumbani nilikaa mbali na Mama asije akaninusa, na usiku nikalala upande wa ukutani, nikidai nina joto.

Baada ya wiki mbili gari lilirudi. Aliyeshuka alikuwa Bwana Nchimbi, ambaye sote tulimjua, kwani kwa miaka mingi alikuwa karani wa ghala la ushirika kabla ya kupunguzwa kazini. Sasa alikuwa wakala wa tajiri fulani wa mjini. Alianza kwa Mama Tekla, akamweleza kwamba aliyefungua boksi ameshakubali kuuza kahawa yake yote kwa tajiri, kwa bei ya tajiri. Tulimsikia Mama Tekla akilia. Kisha Bwana Nchimbi akaja kwetu. Mama alikwisha kumwita Mzee Ndunguru, na boksi lilikuwa nje juu ya kigoda.

"Lako hilo, Bwana Nchimbi. Halikuguswa," Mama alisema.

Bwana Nchimbi aliligeuza. Ile kona iliyopasuka ikaja mbele ya macho yetu sote.

"Mama Skola, limefunguliwa hili."

Mama aliinama akaigusa ile kona. Alimtazama balozi, balozi akatazama chini. "Labda panya," Mama alisema kwa sauti ndogo, na nilijua kwamba nikinyamaza, wangeweza kumwamini au wasimwamini, lakini yeye angebaki na doa ambalo hakulipaka. Ile kahawa iliyokauka kwenye vichanja ndiyo ilikuwa bati la nyumba yetu na daftari zetu za mwaka mzima. "Si panya," nilisema. "Ni mimi." Nikakimbia mgombani, nikarudi na sabuni iliyolika nusu.

Nilisubiri kofi, lakini halikuja. Mama alimtuma Beno akamate jogoo, akamkabidhi Bwana Nchimbi. "Sabuni moja mwanangu ameichukua, na jogoo huyu anaitosha na kuzidi. Boksi sikuagiza. Lipakie." Mzee Ndunguru akainua kichwa, akasema hivyo ndivyo ilivyo na yeye ni shahidi. Mama Tekla, aliyekuwa akisikiliza kwenye ua, akaja na sabuni zake zilizobaki ndani ya kanga na kuku wawili kwapani. "Na mimi sikuagiza," alisema. Nyuma yake wakatokea wengine.

Bwana Nchimbi aliketi ukingo wa baraza. "Mnadhani napenda?" aliuliza. "Kazi niliyobakiwa nayo ndiyo hii." Mama akaingia jikoni, akatoka na ugali na maharage, akamnawisha mikono. Walikula wakiulizana habari za watoto, kisha akapakia maboksi na kuku, akaondoka bila kahawa yetu. Jioni aliponikabidhi kile kipande cha sabuni, Mama alisema, "Sasa ni chako. Lakini kesho asubuhi rudi kwa padri." Nilirudi.

Siku hizi naishi Mbinga mjini, kwenye nyumba yenye geti. Vitu nisivyoagiza vinakuja kwa njia nyingi. Simu inaniunganisha na huduma nisiyoijua, na ukibonyeza kwa bahati mbaya umeshakubali. Hakuna wa kumwita awe shahidi. Jirani yangu wa kulia simjui jina. Mwezi uliopita bodaboda alileta mzigo wenye namba yangu, nikamwambia sikuagiza. Nilikuwa na haki, na nilijisikia fahari kidogo kwa kuwa mwana wa mama yangu. Aliugeuza mzigo, akaufunga tena nyuma ya pikipiki, akajifuta jasho kwa mkono wa shati. Jua lilikuwa la saa saba. Nilizungumza naye kupitia kitundu cha geti, na nilipokwisha kusema nikakifunga. Ndipo nilipokumbuka kwamba sikumpa hata maji.