Divai Kavu ya Bibi wa Chini

Tulishuka ngazi za mawe hadi kwenye ghala la kale la divai huko Tokaj, Hungaria, mimi na wadogo zangu wawili. Kuta zilivaa ukungu mweusi, mnene kama sufu. Nilitarajia divai tamu, maana ndiyo iliyoupa mji ule sifa tangu enzi za wafalme. Mwenyeji wetu akatumiminia nyeupe, kavu, yaani isiyo na utamu, yenye harufu ya tofaa bichi na jiwe lililonyeshewa mvua.

"Dada, hii divai au ndimu?" akauliza mdogo wangu wa kiume, uso umemkunjamana. Kisha akanyoosha glasi aongezewe.

"Zabibu ni zilezile za ile tamu," mwenyeji akacheka. "Hii ndiyo tunayoshushia chakula nyumbani."

Nikwambie, rafiki, nilielewa papo hapo: hiki ndicho alichokuwa akinywa Bibi wa Chini.

Ndivyo tulivyomwita jirani yetu Mhungaria kule Rockville, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kwa kuwa fleti yake ilikuwa chini ya yetu. Jumapili alikaanga vitunguu kwa pilipili nyekundu isiyowasha, harufu ikapanda hadi kwetu, akatuita. Sisi juisi, yeye divai yake nyeupe na maji ya soda. Alitusimulia maghala yenye kuta nyeusi, tukadhani anatutungia.

Mama alipomfuata baba kaburini, niliacha shule nikaosha vyombo mgahawani. Ndipo baba mdogo akaja kutoka mji wa Fairfax kutugawa: kitinda mimba aende kwake, wa kati kwa shangazi.

"Mwanangu, wewe mwenyewe mtoto," alisema. "Ukiwa kazini, nani anajua kama wamelala au wanazurura?"

Bibi wa Chini alikuwa ameleta sufuria ya supu. "Mimi najua. Wanakimbia juu ya kichwa changu kama mbuzi. Kisha huyu mkubwa anarudi, mbuzi wananyamaza. Kila siku."

"Na wasiponyamaza?"

"Nina ufagio. Nitagonga dari."

Baba mdogo alicheka mpaka akafuta macho. Akala supu, akaondoka peke yake.

Jengo lile limebomolewa, na Bibi wa Chini hayupo tena. Ninakoishi sasa hakuna jirani anayejua kama nimerudi. Lakini jioni ile, mlango ulipofungwa nyuma ya baba mdogo, kitinda mimba alinitazama.

"Dada, tunabaki?"

"Tunabaki. Vua viatu, Bibi apumzike."