Mukimo wa Kagure

Watu wa kijiji kilicho juu kidogo ya Karatina walimjua Wamae kama karani. Alistaafu mwaka wa tisini na nne kutoka chuo cha polisi cha Kiganjo, akarudi nyumbani na koti la kijivu, kalamu mbili mfukoni na mwendo wa mtu aliyezoea kuombwa ushauri. Ukweli ni kwamba kalamu zile hazikuwa na kazi yoyote. Kwa miaka ishirini na sita Wamae alikuwa jikoni, akiwapikia makurutu. Alianza kwa kumenya viazi, akamaliza akiwa mpishi mkuu, na wakubwa waliokuja kukagua gwaride walikuwa wakiuliza kwanza kama yuko zamu. Mtu mwingine angejivunia hayo. Yeye yalimtia aibu.

Tusimcheke haraka. Kijijini kwao mwanamume aliyetahiriwa hasogelei mafiga. Akionekana anakoroga sufuria, rika lake litambandika jina, na kwa jina hilo atazikwa. Basi aliporudi likizo yake ya kwanza na babake akamwuliza anafanya kazi gani huko, neno "karani" lilimtoka kabla hajalifikiria. Tangu siku hiyo likawa ni la kulindwa tu, na uongo wa namna hiyo humla mtu polepole.

Aliyeusaidia uongo huo kuishi ni mkewe, Kagure, aliyekuja kuitwa Mama Kinuthia kwa jina la mwana wao. Huyu alitoka Kianyaga, akafiwa na mamake angali mdogo, akakulia mashambani akichuma majani chai. Kuchuma alijua, chunguni hakujua hata pa kuanzia. Wiki ya kwanza ya ndoa Wamae alionja githeri yake ya mahindi na maharagwe, akaweka kijiko chini kwa upole, akasimama akaliziba dirisha la jikoni kwa gunia asionekane. Alipika yeye siku hiyo, na kila siku aliyokuwa nyumbani, na alipostaafu akapika moja kwa moja. Nje, sifa zilikwenda kwa Kagure. Penye harambee au matanga, akina mama wengine walipika pamoja uwanjani, lakini yeye alifika na sufuria yake imeshaiva na kufunikwa majani ya ndizi. Watu walisukumana. Wakaanza kusema "mukimo wa Kagure", vile viazi vyake vya kupondwa na mahindi, kama wanavyotaja kitu kinachojulikana wilaya nzima. Kagure aliposifiwa aliinamisha kichwa, wakamwona mnyenyekevu. Wamae alikaa upande wa wanaume akisikiliza, na moyo wake ulikuwa mtamu kuliko chakula chenyewe.

Sasa, kanisani kulikuwa na chama cha shamba, mwenyekiti wake Magdaline, mjane mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Akina mama walilima ekari mbili za kanisa. Familia kumi na mbili za mjini Nyeri, walimu, wauguzi na mama mmoja wa posta, zilichangia mbegu na mbolea kabla ya kupanda, na kila Jumamosi kila familia ilichukua kiondo kimoja cha kilichokuwa tayari shambani. Hakuna kuchagua. Shamba likitoa njegere mnakula njegere, likitoa kabichi mnakula kabichi. Msimu wa kwanza kila mtu alifurahi.

Kisha mwisho wa mwaka wa tisini na saba ikaja mvua ya Elnino. Kabichi ziliozea kwenye mashina, majani ya viazi yakawa meusi, na nyanya hatukuziona kabisa. Vilivyostawi ni vile ambavyo havikupandwa na mtu: terere, ule mchicha wa porini, managu, yaani mnavu wenye uchungu, majani ya malenge yaliyotambaa hadi barabarani, na kando ya ua wote thabai, yale majani yanayowasha mkono ukiyagusa. Magdaline akajaza viondo hivyo hivyo. Wa mjini wakaanza kunung'unika kwamba wanapewa magugu. Mama wa posta alirudisha kiondo chake na kusema, kwa adabu sana, kwamba yeye hafugi mbuzi.

Magdaline hakukasirika. Alisema hawa si watu wabaya, hawajui kupika tu. Wakionja mara moja watatulia, na wasipotulia msimu ujao hautakuwa na mbegu wala mbolea, kila mtu aende kulima kwake. Akapanga Jumamosi ya mwisho ya Januari waje wale hapo hapo shambani, waone kila kitu kikipikwa. Na nani wa kupika? Hakuna aliyejisumbua hata kuuliza.

Kagure alifika nyumbani akiwa amepauka. Akamwambia mumewe kwamba hataweza, amwombee ruhusa, aseme ni mgonjwa. Lilikuwa jambo rahisi. Lakini Wamae alifikiria zile sifa, akafikiria zitakavyofika mjini Nyeri, akasema kupika si uchawi, atamfundisha. Hapo ndipo alipokosea, na alilijua kosa lake baadaye kuliko mtu yeyote.

Kwa siku tatu alimfundisha kama kurutu. Terere ioshwe mara tatu, kwa sababu mvua hurusha udongo hadi chini ya jani, kisha isiwekewe maji mengine, maji yake yenyewe yanatosha. Jani la malenge livunjwe kikonyo na kuvutwa uzi wake, la sivyo mlaji atatafuna kamba. Managu ichemshwe, maji ya kwanza yamwagwe, ndipo imiminiwe maziwa ilale nayo, na kesho yake uchungu utakuwa umebaki kidogo tu, ule unaotakiwa. Thabai ichumwe machipukizi ya juu, ichemke sawasawa, ikatwe laini. Na mukimo, zaidi ya yote: viazi na mahindi vikiiva, chuja maji yote kwanza uyaweke kando, ndipo uponde na thabai yako, ukirudisha maji kidogo kidogo kama unayaonea uchoyo. Kagure alirudia kila neno bila kukosea. Lakini kukariri ni kukariri, na mikono iliyochuma majani chai miaka yote haiwi ya mpishi kwa siku tatu.

Jumamosi ikafika, jua kali baada ya mvua. Wageni sita wa mjini waliketi kwenye viti vya kanisa. Mbele yao aliketi muuguzi Kagwiria, mwenyeji wa Meru, na kwa ajili yake kila mtu aliongea Kiswahili. Wanaume walipewa benchi kwenye kivuli cha stoo: Wamae, rafiki yake Theuri, na wazee wawili wa kanisa. Kagure alisimama katikati, sufuria nne mbele yake, macho yote kwake.

Wamae aliona kila kosa likija. Aliona terere ikioshwa mara moja. Aliona managu aliyokuja nayo mkewe, na kutoka mbali, kwa rangi yake tu, akajua kwamba maji ya kwanza hayakumwagwa. Alikuwa amemwachia kazi hiyo aifanye mwenyewe, apate kujiamini. Kisha viazi vikaiva, na Kagure akashika mwiko mkubwa akaanza kuponda na maji yote ndani. Kwenye viti vyao akina mama wakatazamana. Kila msichana wa pande hizi anajua kuchuja maji ya mukimo kabla hajajua kusoma.

Ukawa uji wa kijani. Aliugawa hivyo hivyo, angefanya nini? Mama wa posta alitafuna terere, mchanga ukalia menoni, akageuka kando akatema. Kagwiria alijaribu managu, akameza kwa shida, akaomba maji. Theuri akacheka puani na kumwambia Wamae kwamba leo bibi yake ameshindwa hata na makurutu.

Magdaline ndiye aliyeuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Uso wake ulionyesha mtu anayetafuta maelezo ya kumsaidia.

"Kagure, kwani ile mukimo ya harambee ilikuwa inapikwa na nani?"

Kagure aliinua macho akamtazama mumewe. Haukuwa muda mrefu. Wamae alifungua kinywa. Kando yake Theuri alikuwa bado anatabasamu, na Wamae akaliona lile jina likija, akalisikia likiitwa sokoni Karatina, likiitwa juu ya jeneza lake. Akafunga kinywa, akainama kama mtu anayetafuta kitu nyasini.

"Nilikuwa nanunua," Kagure akasema. "Iko hoteli Karatina. Nilikuwa naweka kwa sufuria yangu nasema ni mimi nimepika."

Miaka yote hiyo, matanga yote hayo, mbele ya Mungu na majirani, chakula cha hoteli! Mwanamke mmoja aliguna. Wageni wakashukuru wakaondoka mapema, na kabla ya kupanda gari mama wa posta alimwambia Magdaline kwamba familia tano zitatoka kwenye chama, labda saba. Jioni ile Magdaline alimwambia Kagure, bila kumtazama, kwamba apumzike kidogo na kazi za kikundi. Jumapili kanisani, alipokaa, mwanamke aliyekuwa kando yake alisogeza mtoto na kuhamia kiti kingine.

Na Wamae? Alipika chakula cha jioni kama kawaida, na Kagure akala kama kawaida. Hakumlaumu. Wamae angependa sana alaumiwe. Alilala na aibu, akaamka nayo, akaibeba hadi kisimani na kuirudisha, na haikuwa tena ile aibu yake ya zamani ambayo aliizoea kama koti. Hii ilikuwa na uso wa mkewe, akimtazama kutoka katikati ya sufuria.

Jumamosi iliyofuata akina mama walikuwa shambani wakifunga mafungu ya mboga, na Kagwiria alikuwa amekuja kuleta viondo vya familia zilizotoka. Wamae akaingia na mfuko wa viazi na mahindi. Alivua koti. Hakusalimu mtu. Akaosha terere mara tatu, akaikunja kama mkeka mdogo, akashika kisu, na kile kisu kikaanza kwenda kwenye ubao kwa kasi ambayo wanawake wale hawakuwa wameiona maishani, vidole vimekunjwa nyuma ya makali bila yeye kuviangalia. Aliviweka viazi na mahindi motoni, akachemsha thabai, akachuja, akaponda. Alipomaliza aliwapa sahani, Kagwiria wa kwanza. Walikula. Kagwiria aliomba tena, kisha akatoa karatasi kwenye mkoba na kumwomba amwambie polepole namna ya ile thabai, awapelekee wale wenzake waliotoka.

Wamae akasema alilokuja kusema. "Mimi sikuwa karani. Nilikuwa mpishi huko Kiganjo miaka ishirini na sita. Hiyo chakula yote mlikuwa mnakula, ni mimi nilikuwa napika. Mama Kinuthia hakununua kitu."

Akangoja wamcheke. Alikuwa amejiandaa, usiku kucha alikuwa amejifundisha kusimama wima wakimcheka, na sasa kicheko chao alikiona karibu kama dawa. Hakuna aliyecheka. Kupika kwake hakukuwashangaza hata kidogo, ungedhani wamesikia kwamba anajua kuendesha baiskeli. Magdaline aliweka sahani chini.

"Wewe si ulikuwa umekaa hapo kwa benchi?"

"Nilikuwa."

"Na ukanyamaza."

Wanawake wakarudi kwenye mafungu yao, na mmoja wao akatoka mbio kumwita Kagure aje. Kagure alipofika waliinuka kumlaki, wakamshika mikono, wawili wakalia, wakamwomba msamaha mmoja mmoja. Wamae aliosha sufuria peke yake kwenye mfereji. Kagwiria alipokuwa akiondoka alimwambia kwamba chakula kilikuwa kizuri sana, akasema hivyo bila kutabasamu.

Njiani kurudi nyumbani Kagure alitangulia, yeye nyuma. Walipofika kwenye daraja la mbao Wamae alishindwa kuvumilia, akamwuliza kwa nini alisema ule uongo wa hoteli, kwa nini hakusema tu kwamba ni yeye, angekuwa na haki. Alitumaini, na hili ndilo linalonichoma ninapomfikiria, alitumaini atamwambia kwamba alifanya kwa kumpenda.

"Kwanza nilikungoja, Baba Kinuthia," Kagure akasema bila kugeuka. "Nikaona hautasema. Sasa ningefanya aje?"

Akavuka daraja, na Wamae akabaki upande huu kwa muda, koti mkononi, kabla ya kumfuata.