Asali ya Mgeni

Ijumaa moja ya mwezi wa Shaabani, yapata saa nne asubuhi, nilipokuwa mtoto bado, dada yangu Echati alinitazama usoni asinijue.

Tulikuwa katika kisiwa cha Nosy Be, huko Bukini, yaani Madagaska, kijijini Marodoka, kwa bibi yetu mzaa mama. Tulimwita Koko, kwa desturi ya Wangazija. Kwetu hasa kulikuwa Mahajanga, ambako baba alikuwa seremala bandarini. Nchi ilikuwa mikononi mwa Wafaransa. Mwaka huo mama alikuwa mjamzito na hali yake haikuwa nzuri, basi alitupeleka kwa Koko, akakaa nasi siku chache, akarudi.

Echati alikuwa na kisukari. Ugonjwa ulimwanza akiwa bado msichana mdogo: kiu isiyokatika, mwili ukapukutika, hata akalazwa hospitali na sisi tukadhani hatoki. Alitoka na sindano. Kila asubuhi na kila jioni sindano ile ya kioo ilichemshwa katika kisufuria, na Echati akajichoma mwenyewe pajani, ameuma pindo la leso. Ikiwa butu, baba aliinoa kwa kijiwe chake cha kunolea patasi. Kwa Koko chupa ya dawa ilikaa ndani ya kikombe, kikombe kikaelea ndani ya mtungi wa maji, mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani.

Hospitali walisema asile sukari. Mama akamwambia Koko, "Sukari, asali, muwa, ndizi mbivu, asiguse."

Huko kwetu Bukini kila ukoo una fady zake, yaani miiko. Huyu hali mbuzi, yule halimi siku ya Jumanne. Mwiko hauulizwi sababu, wala hauna nusu. Koko alikuwa mtu wa swala tano na tasbihi, lakini alizaliwa katika nchi ile, na neno la daktari lilipomfikia lilikuwa limekwisha kuwa mwiko. Alimpa jirani kopo lake la sukari, akasugua vyungu vyote kwa majivu, kisha akatuambia sote, "Atakayeingiza kitu kitamu ndani ya ua huu, anamzika mjukuu wangu." Na kisiwa kile ni cha mashamba ya miwa! Msimu wa kuchemsha, upepo ulituletea harufu ya sukari mpaka kwenye shuka tulizolalia. Ndani mwa Koko hapakuwa na hata punje.

Nyuma ya nyumba palikuwa na milangilangi michache. Maua yake huchumwa asubuhi mapema, kabla jua halijala harufu. Ijumaa ile Echati alijichoma sindano alfajiri, akanywa uji vijiko viwili vitatu, akaukimbilia mti, maana alipenda kunishinda. Akachuma, akabeba vikapu, akarudi tena. Uji wake ulibaki jikoni ukapoa.

Baadaye nilimkuta ameketi kwenye mkeka, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka.

"Dada Echati, una nini?"

"Wewe ni nani?" akasema, kwa sauti nzito nisiyoijua. "Nani amekupa ruhusa kusimama mbele yangu?"

Maneno yalikuwa ya Kibuki. Nayaandika hapa kwa Kiswahili kadiri ninavyokumbuka. Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Koko akaja kumshika, naye akampiga mkono. Echati, ambaye hakuwahi hata kumjibu Koko! Hapo nikaanza kulia.

Koko alianza kusoma Ayatul Kursi. Wanaume walikuwa wamekwenda mjini kwa ajili ya Ijumaa. Kilio changu kikamleta jirani yetu, Mama Soa, Msakalava, aliyekuwa akipandwa na tromba, roho za wafalme wao wa kale. Yeye na Koko walipeana chumvi na moto kila siku, lakini mambo yale ya tromba hakuruhusiwa kuyataja uani kwetu. Siku ile aliyataja.

"Huyu kapandwa," akasema. "Mgeni mkubwa amefika. Mgeni hupewa asali."

"Asali ni mwiko kwake! Utaniulia mtoto!"

"Mwiko ni wa mtoto. Aliyeketi hapo si mtoto, husikii anavyotufokea? Mimi nampa mgeni. Mjukuu wako simpi kitu."

Koko alimgeukia Echati. Kichwa cha Echati kilikuwa kimeanza kuegemea ukuta, macho yanapanda juu. Nimekuwa mzee sasa, na bado nauona uso wa Koko wa wakati ule. Akikataa, mtoto anakwenda. Akikubali, anamlisha kile alichoapa kuwa ndicho kitakachomzika, tena kwa mkono wa mtu wa mapepo.

"Mpe," akasema. "Lakini kwa jina la Mwenyezi Mungu, si la huyo mfalme wako."

"Kwa jina unalotaka, bibi wewe, ila upesi! Wafalme hawana subira."

Akakimbia, akarudi na kibuyu. Hakummiminia. Kwa desturi yao mgeni hupakwa kwanza, basi alichovya kidole akampaka ndani ya shavu na kwenye ufizi, tena na tena, na kila kidole Koko akakisomea bismillahi. Kitambo kilipita, kirefu kwangu. Kisha ulimi wa Echati ukaanza kukifuata kile kidole. Akameza. Akakinyonya kama mtoto mchanga.

Mama Soa akainama kwa heshima. "Bwana mkubwa, jina lako nani, tupate kukuamkia?"

Echati akafumbua macho. "Mama Soa, mimi ni Echati. Nina njaa."

Mama Soa akashusha mabega. "Amekwenda bila kuaga. Siku hizi hata wafalme hawana adabu."

Koko alicheka na kulia kwa pamoja, akaenda kupakua wali.

Tuliporudi Mahajanga baba alimsimulia muuguzi wa hospitali, Mbuki mwenzetu. Muuguzi alicheka hadi akaketi, kisha akaacha kucheka. "Sindano inashusha sukari ya damu," akasema. "Akijichoma asile, au akifanya kazi nyingi, inashuka mno na akili inazimika. Hapo mpeni kitu kitamu mara moja. Tuliwaambia."

"Huenda mlisema," baba akajibu. "Siku ile tulikuwa tunalia. Tulirudi na neno moja tu."

Koko alipopata habari hakuufuta mwiko wake. Aliutobolea mlango. Kibuyu cha asali kikakaa juu ya rafu, fungu la mgeni, mwingine asikiguse. Na jina hilo likabaki kwetu. Echati alipohisi jasho na mtetemo alisema, "Mgeni anabisha hodi," akafungua fundo la leso yake alimoweka donge la sukari, akalimung'unya, akaendelea na hadithi yake pale alipoiachia. Aliolewa hivyo, akafundisha watoto Kurani hivyo, akazeeka hivyo, sindano asubuhi na sindano jioni.

Amefariki mwaka huu, kwa maradhi ya moyo, mchana, amekwisha kula, mkono wake umo mkononi mwangu. Walipokuwa wakimwosha nilipewa leso yake, nikakuta fundo. Maisha yangu yote nimekuwa nikilitazama paji la uso wa dada yangu, kwenye harusi, sokoni, hata katikati ya mazungumzo na watu wengine, kuona kama linatoka jasho. Nililifungua lile fundo, nikalia, kisha nikahisi mwili wangu umetua kitu kizito. Mgeni hana tena wa kumbishia hodi.

Siamini kwamba mfalme alikuja Marodoka siku ile. Lakini simcheki Mama Soa, wala simlaumu Koko kwa hofu yake, kwa kuwa ilikuwa ni mapenzi. Riziki ya dada yangu ilikuwa haijakwisha, na Mungu aliipitisha kwenye kidole cha jirani.

Ewe Mola, mrehemu Echati, na subira yake ya kila siku uifanye nuru ya kaburi lake. Mrehemu Koko aliyesema "mpe". Na Mama Soa namwacha kwako, Wewe usiyepoteza ujira wa mwenye kutenda wema. Amina.